Milimita Nne

Jumatatu, 2 Februari 1987
Mnunuzi karudisha shehena nzima. Mbao nene huku, nyembamba kule. Urpo, msimamizi wetu, kaingia karakanani kwangu bila hata salamu. Eti misumeno nimeinoa vibaya! Miaka kumi na tisa nanoa — leo ndiyo nimesahau? Nikamwambia kosa ni kasi. Tangu Januari anayakimbiza magogo, msumeno unayumba. Akacheka. "Mama Helvi, wewe shughulika na tupa yako."

Jumanne, 3 Februari
Ameipata dawa! Mbao za milimita hamsini sasa zipasuliwe kwa hamsini na nne, ili hata zile nyembamba zikubalike. Kwa hiyo magogo makubwa, yaliyokuwa yakitoa mbao saba, yanatoa sita. Miti ya miaka themanini, jamani — inageuka unga wa mbao.

Jumatano, 4 Februari
Nimepima. Urpo alipokwenda kunywa kahawa, Tauno anayeendesha msumeno alinipunguzia kasi. Msumeno uleule, magogo ya rundo lilelile. Mbao hamsini za mbio: zinapishana milimita nne. Hamsini za polepole: hata milimita moja haifiki. Urpo husingizia barafu iliyoganda ndani ya magogo; hicho si kisingizio tena. Nimebandika karatasi ya vipimo hivyo chumba cha kahawa.

Alhamisi, 5 Februari
Kaichana. Nikabandika nyingine. Kaichana. Nikaandika hesabu yote kwa rangi nyekundu kwenye ubao, nikaupigilia ukutani kwa misumari minne. Haya, chana!
Urpo akasema kesho nifungashe, misumeno itanolewa mjini. Akamgeukia Tauno: je, alinisaidia kupima? Tauno kakodolea macho supu yake ya njegere. Eti hajui lolote. Hilo limeniuma kuliko matusi yote ya Urpo.

Ijumaa, 6 Februari
Saa nne asubuhi. Sikufungasha kitu. Nilikuwa nanoa, mara mlio wa msumeno ukabadilika — ukashuka, ukatulia. Tauno! Kapunguza mwenyewe! Urpo akapanda ngazi akipiga kelele: ongeza kasi! Tauno kajifungia chumbani mwake kule juu anakoendeshea msumeno, akajibu kwa kipaza sauti, kiwanda kizima kikasikia: "Pima kwanza, bosi. Ukimaliza, ndipo uniambie."
Waliokuwa wakipanga mbao wameacha kazi, wanatazama.
Sasa Urpo yuko mlangoni kwangu, mkono kaunyoosha. Anataka kipimo changu, kile nilichopimia mbao juzi. Hajasema kama atakipimia au atakitupa. Nimekikalia. Aombe vizuri, mbele ya wote, ndipo nimpe.