Samli Ndani ya Makande Yangu

Eliwaza mwanangu,

Maharage yako jikoni, yameiva nusu, ongeza kuni. Mbuzi wasifunguliwe, mvua inakuja. Mumeo Sefania mpigie pasi kaptula ya kaki ya kazini, kesho Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anapanda huku kutoka Same.

Nimeondoka nimekasirika, na ujue kwa nini. Mganga wa zahanati alisema mbele yako: mgongo huu na nyayo hizi hazitapata nafuu nisipopunguza mwili. Miezi miwili sasa nakula kidogo, chai nakunywa bila sukari. Leo asubuhi nakufuma unachanganya samli kwenye makande yangu! Nilipokuuliza ukaanza kulia: "Mama, ukikonda watu watasema nakunyima chakula."

Watu gani? Wao ndio wanaonikanda kisigino kila nikiamka? Si wewe?

~~Usinipikie tena, nitajipikia mwenyewe.~~ Hapana, nipikie, ila bila samli. Hayo ya leo kula wewe unayenyonyesha.

Nimekwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nimeshika fimbo na nitapumzika kila kona, kwa hiyo usitume mtu anifuate. Najua wenye maneno watakuwepo wote. Nitasimama mbele yao, hata mgongo ukiuma, niseme kwa kinywa changu: nimekonda kwa kupenda, na mke wa mwanangu ananilisha mpaka namkimbia.

Mama mkwe wako,
Raheli