Masizi ya Treni

Baba Muganyizi,

Maharage yameiva, yaunge tu. Maji yanatoka leo, jaza ndoo zote kabla hayajakatika. Mimi nimewahi meli ya Nansio, naenda kwa dada Sabina. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi kesho jioni.

Kuhusu asubuhi. Ulipoikuta ile treni yako ndogo inang'aa ukanyamaza, chai ikapoa mbele yako. Heri ungenifokea! Mimi nilijua ni uchafu. Wanajumuiya wanakuja kusali hapa, na kichwa cha treni kimekaa kabatini cheusi tii. Kwetu Bukoba chombo cha chuma kikiwa cheusi kinasuguliwa kwa majivu mpaka ujione. Nikasugua. Ningejuaje kwamba mtu mzima anaunganisha vipande miezi yote hiyo, anapaka rangi nzuri, halafu anaipaka moshi kwa makusudi?

Ulipotoka ndipo Rachel akaniambia ni mfano wa treni ya marehemu baba yako, aliyokuwa akiichochea makaa, akirudi nyumbani mweusi hivyo hivyo. Mtoto umemwambia. Mimi mkeo, hata neno. Hilo limeniuma kuliko kile kimya chako.

Funga geti, mbuzi wa jirani wasiingie tena kwenye migomba.

Kwenye kisosi hiki ni masizi, usiyamwage. Nimeyakwangua kwenye tako la sufuria kubwa, ile ya kuni. Ipake upya, taratibu. Baba mkwe sikumkuta hai. Nikirudi unionyeshe alivyokuwa.

Mama Muganyizi