Yaya Feza, Sauti Yako Haikuchoka

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Sijui kama huko uliko harufu za dunia zinafika. Mimi bado naisikia ile ya baa yetu ya Bwiza: bia iliyomwagika sakafuni, jasho la wachezaji, vumbi likiungua ndani ya amplifaya. Hapo ndipo ulipoimba wewe nami nikapiga gitaa la besi, Jumapili mchana, miaka ile uhuru ulipokuwa bado mpya na wazee wakiteleza ulimi na kuuita mji kwa jina lake la zamani, Usumbura. Zamani niliipenda harufu hiyo. Sasa nikiipata njiani navuka barabara.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijiandaa? Jumamosi ulifua kitenge chako, ukakianika uani kwa mama, ukatufukuza wote tusikitimulie vumbi. Asubuhi ulikunywa maji ya moto yenye tangawizi na hukutaka kusemeshwa na mtu. Njiani tu ndipo ulipofungua mdomo.

“Leo usinikimbize. Besi yako ina haraka kama mutu anayekimbia mvua.”

Nilicheka mpaka mlangoni.

Jukwaani, karibu na miguu yako, liliwekwa bafle lako, lile sanduku la spika lililokutazama wewe badala ya watu, ili ujisikie unapoimba. Bila hilo, ngoma na magitaa yangekumeza. Ulilipenda. Ulilifuta kwa ncha ya kitenge kabla ya kuanza.

Kisha likaharibika. Sauti nzito zilitoka, nyembamba zikapotea, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Uligeuka kwa Shefu, kiongozi wa bendi, aliyekuwa akitafuna chingamu muda wote, hata katikati ya wimbo.

“Shefu, mi sijisikii.”

“Bafle ni nzima. Masikio yako ndiyo yamezeeka.”

“Apana, inama usikilize mwenyewe.”

Hakuinama. Alishika mikro, kile kipaza sauti, akawaambia watu wote, “Mutuvumilie, mama yetu amechoka sauti.” Wakacheka. Wale wale waliokuwa wakikulilia wimbo mwingine, wakacheka. Nawe, kwa kuwa hukujisikia, ukapiga kelele ili ujisikie, sauti ikapasuka, ukatoka nje ya wimbo. Jumapili baada ya Jumapili. Nilimwomba Shefu aniruhusu nilifungue lile bafle, maana nilikuwa nikitengeneza redio za majirani. Akaniambia nipige besi yangu nimwachie yeye mambo ya vyombo.

Mwishowe akaleta msichana aliyekuwa akimtongoza, pamoja na bafle jingine. Kwako alisema, “Pumzika, mama.” Ulikuwa hujafika hata miaka thelathini.

Ulihamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi, ukauza ndagala, dagaa wa ziwani. Nilikusindikiza mpaka mpakani. Uliniambia neno ambalo sijalisahau: “Pengine anasema kweli. Pengine imekwisha.”

Bafle lako walilitupa stoo. Nikaliomba, nikalibeba nyumbani. Nilitaka tu kulitengeneza kwa sababu lilikuwa lako. Nililiunganisha na amplifaya nyingine, likaguna vile vile. Kwa hiyo ubovu ulikuwa ndani yake. Nikafungua mgongo. Nikachukua betri ya tochi, nikagusisha waya zake kwenye spika ndogo ya juu, ile inayotoa sauti nyembamba. Ikalia tik. Ilikuwa hai. Basi kilichobaki ni kile kibao kidogo kinachogawa sauti, kinachopeleka nzito kwenye spika kubwa na nyembamba kwenye ndogo. Koili ya shaba haikuungua. Nikadhani kondensa, ile inayozuia sauti nzito zisifike kwenye spika ndogo, imekauka kwa joto, huwa zinakauka hizo. Nikaishika.

Mguu wake mmoja wa waya ulikuwa umekatwa kwa koleo. Umekatwa safi, yaya, haukukatika. Ncha mbili zilikuwa zimetenganishwa, na katikati yake, ili zisigusane tena, palikuwa pamebandikwa chingamu iliyotafunwa. Ilikuwa imekauka, ina alama za meno. Niliigusa kwa kidole kabla ya kuelewa. Nilikwenda bombani nikaosha mkono, nikarudi nikauosha tena.

Nilimkuta Shefu barazani kwake. Hakukana. Angekana ningemheshimu kidogo. Alicheka, akanisogezea kiti.

“We ni mutoto. Ningemufukuza, watu wangenichukia. Hivi aliondoka mwenyewe. Keti, unywe kitu.”

Nikamuuliza kama wengine walijua. Akanitajia mpiga ngoma. Akanitajia mpiga gitaa la solo, ndiye aliyemshikia tochi akikata waya. Aliyataja majina yale kwa sauti ya mtu anayehesabu rafiki zake. Sikurudi tena kwenye bendi ile.

Nikaunga waya kwa lehemu, bafle likaimba wazi kama zamani, nami nikapanda gari asubuhi kuja Uvira, furaha imenijaa. Nilidhani ukweli utakurudishia sauti. Ulikuwa ukipepeta ndagala. Ulinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia ndani ya ungo.

“Wote walijua?”

“Wote, isipokuwa mimi na we.”

Ulitema mate chini. “Basi nilikuwa nawaimbia watu gani?” Ukaendelea kupepeta. Hukuimba tena, hata kanisani, hata ulipokuwa ukibembeleza wanao. Niliona kwamba kile alichokikata Shefu hakikuwa waya peke yake, na kwa hicho sikuwa na lehemu.

Sasa homa imekuchukua, na kilio tumekifanyia Bwiza, uani kwa mama. Shefu alikuja. Alikuja na gitaa, kofia kifuani, akawaambia waombolezaji, “Feza ni mimi niliyemufundisha.” Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mtu akampa sahani. Akaanza kupima nyuzi, apate kukuimbia.

Nilisimama mbele yake. “Toka.”

“We mutoto, leo ni siku ya kusameheana.”

Ndipo mama akasema kutoka kwenye mkeka, bila kuinua macho, “Amekwambia utoke.”

Akatoka. Gitaa alilitia kwapani, na sahani ya wali akaondoka nayo, akila huku anatembea.

Lala, yaya. Uani kwetu pametulia, na anayetaka kukuimbia ataniomba ruhusa kwanza.

Mdogo wako uliyekuwa ukimshika mkono