Kyungu Alienda ku Mwepu

Siku ya Mungu, 6 mwezi ya saba

Tumekata shauri. Tutaenda Kamina! Shiye bote — bwana yangu Florent, minyi, Kabange na mudogo yake Abdias. Siku kidogo tu, kisha turudie. Promenade. Hakuna matanga, hakuna mugonjwa wa kuona, hakuna karatasi ya kufuata ku bureau. Nafundisha batoto ya bantu hapa Kaniama mwaka kwa mwaka, nawaimbisha nyimbo juu ya muji mukubwa, na batoto yangu habajaona ata nyumba ya étage, nyumba juu ya nyumba.

Florent njo alileta wazo. Alisema nyumba imekuwa nzito tangu mwezi ya pili. Tutalala kwa yaya yake, ndugu yake mukubwa, Papa Mwepu, anafanya kazi pale ku gare ya treni. Hakuweza kufika wakati ya kuzika, kwa hiyo batoto habajamuona bado.

Bamama Augustine, mama ya Florent, alisikia habari akaguna. "Muende. Lakini bintu ya mapasa munaijua." Tunaijua! Kabange na Kyungu balizaliwa siku moja, njo bintu bibili-bibili. Ukinunua kiatu ya Kabange, nunua na ya Kyungu. Ukimupa mukate, umupe mibili. Mapasa ni mapasa, ata kama mumoja hayuko.

Na hawaliliwe. Ukilia juu ya mumoja, mwingine anamufuata. Njo sheria ya kwabo. Minyi nilikomalia kwa ba-Méthodiste, kwetu bantu banalia na kuimba mpaka sauti inaisha. Lakini siku ya kuzika Kyungu, Bamama alinishika mukono pa mulango, kwa nguvu, vidole yake ilibakia ku ngozi yangu. "Ève, usilie. Umebakiwa na mumoja." Sikulia. Mpaka leo sijalia.

Ata neno yenyewe haisemwe. Mapasa hawafe. Banasema alienda ku mwepu, ni kusema alienda kutafuta chumvi. Kabange tulikuwa tulimupeleka kwa jirani siku ya kuzika. Bamama njo alienda kumukamata kule, akamuambia vile, na Kiluba yake: dada yako alienda ku mwepu. Mutoto alikubali na kichwa. Hakuuliza kintu. Nilishangaa, kisha nikashukuru. Mutoto ya miaka tano, mwenye akili kuliko mama yake.


Kazi tatu, 9 mwezi ya saba

Kabange anaimba nyumba muzima! Tangu asubui. Alitosha mu sanduku robe yake ya bluu na ile ingine ya bluu, akazikunja yeye mwenyewe. Sandale mbili mbili. Kitana mbili. Nilimuachilia. Nkambo yake, Bamama, alimuangalia na furaha: huyu anajua desturi, si kama mama yake.

Na ni Papa Mwepu, Papa Mwepu, siku yote. "Nyumba ya Papa Mwepu iko kubwa? Papa Mwepu iko na kitanda ngapi? Papa Mwepu anapikaka nini?" Florent alicheka. Kweli alicheka, na meno! "Angalia huyu, anamupenda yaya yangu mbele ya kumuona." Minyi vilevile nilicheka. Muda murefu hatukucheka pamoja mu ile nyumba.

Mangaribi nilimupatia mikate yake mibili. Moja akakula, moja akafunga mu kitambaa. Nikamuambia itakauka. "Haina neno, mama. Nitamupelekea."

Nilifikiri ni ya Papa Mwepu.


Kazi tano, 11 mwezi ya saba

Kamina. Tumefika. Treni ilituchelewesha, baridi ya kipwa, wakati mvua hakuna, ilituingia mpaka mu mifupa, kisha vumbi. Abdias alilala juu ya mufuko ya mahindi ya muntu na akaikojolea. Niliomba pardon mpaka nikachoka.

Nataka kuandika vizuri ile ilipita ku gare.

Papa Mwepu alikuja kutupokea. Muntu murefu, shati nyeupe, anaongea polepole. Kabange aliruka chini mbele yetu bote. Alimuzunguka. Alienda kuangalia nyuma ya mugongo yake, akarudia mbele. "Kyungu iko wapi?"

Papa Mwepu alianza kucheka vile bantu banachekaka na batoto. Kisha jina ile ikamufikia, kicheko ikakatika. Kabange: "Ulimuacha ku nyumba?"

Florent aliinama kukamata mizigo. Mizigo yote kwa mara moja, kama muntu anakimbia moto.

Ku nyumba Phébé, muke ya Papa Mwepu, alifungua mikono. Kabange akapita chini ya mikono yake. Akafungua chumba moja, chumba ingine. Chini ya kitanda. Nyuma ya jikoni, pa makala ya kupikia. Akarudia na vumbi ku magoti, akasimama mbele yetu: "Hayuko. Alienda ku masomo?"

"Nani, mama?" Phébé akamuuliza.

"Dada yangu. Nkambo alisema alienda kwa Mwepu."

Ee Mungu wangu. Ku mwepu. Kwa Mwepu! Batoto yetu tunabasemesha Swahili, na Kifaransa kidogo juu tuko bantu ya masomo. Kiluba banaokota tu midomoni mwa nkambo yabo. Chumvi na jina ya baba mukubwa, mu sikio ya huyu mutoto ni kintu moja. Miezi yote hii hakuwa na akili kubwa ya kuvumilia. Alikuwa anangojea safari.

Mukate ule ulitoka mu kitambaa mugumu kabisa. Aliuweka juu ya meza ya Phébé. "Ni yake. Musikule."


Siku ya posho, 12 mwezi ya saba

Tuligombana asubui, minyi na Florent, kwa sauti ya chini juu tuko wageni. Nilisema tumuambie. Akasema tumuambie nini? Nikasema kweli. Akasema: "Ukitaja ile neno mbele ya mutoto wa mapasa, na kintu ikimufikia, utamuambia nini mama yangu?" Si mama yake anaogopa. Ni yeye mwenyewe. Alisoma mpaka graduat ku université na anaogopa! Na minyi je? Nilikuwa nasema tumuambie, na nilikuwa nafunga mulango Kabange asisikie. Tukaachia pale.

Tulienda kutembea, si ni promenade? Tulionyesha batoto cathédrale, tulionyesha wagon nzee ku gare, Abdias alitaka kurudia nayo ku nyumba. Tulinunua sucré, soda ya chupa. Muuzaji alifungua chupa ya Kabange, nikamuambia afungue na ingine. Akauliza ya nani. Nikalipa mbili. Kabange aliibeba ile chupa ya pili mu muji yote, bila kuonja, kidole juu ya kinywa ya chupa ili gaz isitoke.

Photographe mumoja alituita. Florent akasema tupige, tuwe na souvenir. Tukajipanga. Kabange aliacha nafasi pembeni yake. Photographe: "Mama mudogo, sogea, sogea!" Hakusogea. Basi iko vile mu foto: shiye, na shimo.

Phébé ni muntu muzuri, sina neno naye. Alitaka kusaidia. Saa ya kula bukari, ugali yetu, alimuvuta Kabange pembeni akamueleza polepole: hapana weye, si kwa Papa Mwepu. Mwepu mu Kiluba ni chumvi. Nkambo alisema Kyungu alienda kutafuta chumvi. Alifikiri ile itamutuliza. Kabange alisikiliza muzuri sana. Akasema merci, mama Phébé.

Kisha bukari tulienda soko. Nilikuwa nageuza kikwembe, nauliza Phébé kama rangi itabakia. Nikageuka. Kabange hakuna.

Sijui nilikimbia namna gani. Nilisikia sauti yangu inaita "Kabange! Kabange!" na kichwani mwangu sauti ya Bamama: mwingine anamufuata, mwingine anamufuata. Bantu ya soko baliacha kuuza. Muntu wa pikipiki mumoja aliacha pikipiki yake chini, yeye vilevile akakimbia. Phébé njo alimuona.

Alikuwa pa bamama ya chumvi. Alikuwa anapita kwa mumoja mumoja, anasalimia kwa adabu, mikono nyuma, anauliza: "Mama, haukuona mutoto anafanana na minyi?"

Hakusema anavaa nini, hakusema jina. Anafanana na minyi, inatosha! Yule mama ya mwisho alikuwa Muluba wa zamani. Alimuangalia, akaangalia ile chupa mu mukono, akaniona nakuja na hewa imeniishia. Akajua byote. Alifunga kinywa na mukono. Kisha alichota chumvi na kopo yake, akaifunga mu sachet, akamupatia Kabange. Nilitaka kulipa, akakatala na kichwa.

Mu njia Kabange alikuwa anatembea mbele yetu, sachet kifuani. Alikuwa na furaha. "Chumvi njo hii, mama. Tumeipata. Sasa hana sababu ya kutafuta tena, anaweza kurudia."


Siku ya Mungu, 13 mwezi ya saba

Tulienda kusali. Sikuimba.

Kabange anamufuata Papa Mwepu kila pahali. Akikaa anakaa. Akitoka anangoja pa mulango. Nafikiri hakuamini yote Phébé alimuambia, au anaamini byote bibili: Kyungu alienda ku chumvi, na akipata atarudia hapa, kwa Mwepu. Leo alimuonyesha sachet: "Akikuja, umuonyeshe hii." Papa Mwepu alisema "ndiyo, mama". Kisha alikuja kukaa na minyi nyuma ya nyumba. Muntu mukubwa vile, macho nyekundu. Alisema jina hii baba yake alimupatia, hakuichagula, na leo kila mara mutoto anaiita anaona kama ameiba kintu.

Nilimuuliza anafikiri nini, nimuambie ao nisimuambie. Akasema yeye hakuzaa mapasa, hajui. Lakini hawezi tena kujibu "ndiyo, mama".

Florent alisikia. Hakugombana leo. Alisema tu: "Fanya, lakini usilie mbele yake. Ève, nakuomba." Alisema nakuomba. Miaka yote ya ndoa sijasikia hiyo neno mu kinywa yake.

Nitamuambia kesho. Ao tukifika Kaniama. Ao kesho.


Kazi moja, 14 mwezi ya saba

Tuko ku gare. Treni bado. Bengine banasema mangaribi, bengine banasema kesho. Naandika juu ya magoti, mizigo pembeni.

Asubui Kabange alishika mulango ya Papa Mwepu. Hakulia, hakupiga kelele. Alishika tu. "Muende. Minyi nitamungojea hapa." Florent alijaribu kutosha vidole yake moja moja, ikarudia. Mwisho Papa Mwepu alimubeba mpaka hapa, yeye mwenyewe, akamuweka chini, akaenda mbio bila kuaga. Nilimuona nyuma ya wagon anajifuta uso na mukono ya shati.

Florent alienda kuuliza habari ya treni, na Abdias juu ya mabega. Nikaona ni sasa. Nilimukalisha Kabange juu ya mufuko. Nikamuambia: sikia minyi. Kyungu hayuko kwa Papa Mwepu. Hayuko ku soko. Hakuenda kutafuta chumvi. Kyungu alikufa, na tulimuzika Kaniama, siku ile ulikuwa kwa jirani.

Nilisema na Swahili, polepole, neno moja moja, ili asikosee tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia barabara ya treni. Kisha:

"Nkambo anajua?"

"Anajua."

"Papa?"

"Anajua."

"Na Papa Mwepu, na mama Phébé?"

"Bote banajua, mama."

Alifikiri. Alikuwa anageuza sachet ya chumvi mu vidole.

"Na weye ulilia?"

Nikasema hapana.

"Papa alilia? Nkambo?"

Hapana. Hakuna muntu.

Aliniangalia mu macho. Bila hasira! Kama muntu ameeleweshwa kintu mu kalasi. "Basi hamukumupenda."

Sikuweza tena. Ilitoka. Nililia vile kwetu banaliaka, na sauti, na mikono ku kichwa, nikamuita Kyungu, nikamuita mbele ya gare muzima, mutoto yangu, mutoto yangu wa kwanza kutoka. Bamama bengine balikuja, hata habakuniuliza, bakaanza kulia na minyi. Florent alirudia mbio. Alikuwa anasema nyamaza, Ève, nyamaza, na huyu je, na huyu je? Nilimusikia lakini sauti haikutaka kurudia ndani. Kisha yeye vilevile akakaa chini mu vumbi, Abdias mabegani, na uso wake ukavunjika.

Kabange alitufuata na macho, yeye hakulia. Alikuja tu kukaa katikati yetu. Alifungua robe ya bluu ya pili, akaweka sachet ya chumvi mu mufuko yake, akaikunja tena vizuri. Akalala na kichwa juu yake.

Sasa amelala. Bantu banaendelea na mambo yabo. Florent ananiangalia tu.

Nimegusa kipaji ya uso ya Kabange. Iko moto.

Ni jua. Hapa hakuna kivuli, tuko mu jua tangu asubui, na Abdias naye iko moto kidogo, nimemugusa. Nimemugusa mara mbili. Florent ameuliza: "Namna gani?" Nimemuambia ni jua. Nimegusa tena. Ni jua tu.