Wimbo wa Mbwa wa Mjomba

Bariadi, Jumamosi 14 Juni. Asubuhi kibaridi, upepo wa vumbi.

Mwangaluka, dada Pili! Ndoa ya binti wa mjomba ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya wimbo. Mjomba alikitungia kikundi chake cha ngoma wimbo kuhusu mbwa mlafi. Mzee Ng'wandu, baba wa bwana harusi, akasema kaimbwa yeye, na mwanawe haoi kwa watu wa matusi.

Leo wazee wamekaa. Mjomba akasema mtunzi ni yeye na anajua alichokusudia, akamleta mbwa mwenyewe. Wazee wakamtazama akilamba sufuria, wakaridhika. Mzee Ng'wandu ndiyo kwanza akavimba.

"Kumbe nimekasirika wiki nzima kwa ajili ya mbwa? Mimi sifai hata kuimbwa?"

Mke wa mjomba akamkanyaga mumewe mguu. "Baba Kulwa, mpe mwenzio wimbo wake, tuoze mtoto!"

Mjomba akauvuta mguu wake. "Haya, mkwe. Ni wewe."

Basi harusi ipo, na mzee anataka wimbo uimbwe siku hiyo, yeye akicheza mbele. Wabusu wanao, uwaambie mama yao mdogo anawakumbuka sana. Nalala sasa, saa nne na nusu usiku.

Mdogo wako, Rehema