Shokapu za Sadaka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Same, 17/10/2024, saa 4:20 asubuhi

Jina: Aminieli Mchome. Umri: miaka 53. Elimu: darasa la saba. Kazi: mkulima wa tangawizi, mzee wa kanisa. Makazi: kitongoji cha Mvungwe, milimani.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeteremka mwenyewe, sijaitwa, kwa sababu fundi pikipiki Clemence yuko mahabusu tangu jana kwa kutoa sadaka ya shokapu mbovu. Afande, jambo hili limenichosha.

Pikipiki kuukuu ya kanisa huendeshwa na mwinjilisti wetu, Nathanaeli. Shokapu za nyuma zilikwisha tangu Pasaka. Zinavuja oili, ukipita kwenye mawe unadundwa mpaka meno yanagongana. Kamati tulikaa vikao vinne. Tulifungua kwa sala, tukafunga kwa sala, shokapu zikabaki vilevile.

Mnamo tarehe 13/10/2024, Jumapili, saa 5 asubuhi, tulikuwa kwenye mnada wa sadaka za mavuno nje ya kanisa. Watu walileta ndizi, maharage, kuku. Clemence alileta shokapu mbili zilizotumika. Akasema, "Wazee, hizi si jozi, moja ni ndefu. Ziuzeni chuma chakavu."

Mama Ernesta akamtania, "Fundi, kwani Mungu naye ana bodaboda?" Watu wakacheka.

Mimi nikasema, mwinjilisti anadundwa, shokapu zimeletwa madhabahuni, halafu tuziuze? Nikazitoa mnadani. Clemence akanifuata: "Baba Asteria, nakuomba, usizifunge." Nikamjibu sadaka haikaguliwi.

Saa 10 jioni nilizifunga kwa spana zangu. Nathanaeli akaijaribu, akasema, "Mzee, imekaa upande kama kuku aliyevunjika mguu." Nikamwambia amshukuru Mungu.

Tarehe 15/10, saa 3 asubuhi, akiteremka kwenda kwa mgonjwa, shokapu fupi ilikatika kwenye kona. Alivunjika paja. Nilipofika hakunilaumu. Aliuliza nani atakwenda kumwombea yule mgonjwa.

Mke wa Nathanaeli, Dorkas, aliwaambia polisi shokapu alitoa fundi. Nilikuwepo, nikanyamaza. Hilo nalo liandikwe. Aliyekataza amelala ndani, na mimi niliyekatazwa nimelala kwangu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo, Mungu anajua.

Sahihi: A. Mchome

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Nimemwonya kwamba kwa maneno haya anaweza kuwa mtuhumiwa. Amejibu ameelewa. Bila kuambiwa, amevua mkanda na viatu, ameviweka mezani.
Koplo Hamidu