Taiti ya Mama, Rangi ya Chungwa

Jumapili. Mawingu mazito juu ya Malindi tangu alfajiri, mvua haitaki kunya, na mimi situlii, kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

Sababu ni taiti.

Najua inachekesha. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, kukosa raha kwa ajili ya suruali ya kubana ya mazoezi, tena hata si yangu. Ni ya mamangu. Mama ana sukari, na daktari alimwambia atembee kila asubuhi. Akatii. Akajiunga na wanawake wa mtaani kwetu wanaotembea baada ya sala ya alfajiri, yeye na dera lake na raba zake, na akanogewa hata akawa anarudi nyumbani anaimba. Kisha mapaja yakaanza kusuguana. Jasho, na joto letu hili. Akachubuka, akanyamaza, akaendelea kutembea. Nilipokuja kujua, mchubuko ulikuwa umeshakuwa kidonda.

Kwa mtu wa sukari kidonda si jambo dogo. Kilichelewa sana kupona, na kila nilipompeleka kufungwa bendeji nilikuwa nikiwaza watu niliowahi kuwaona wakiwa wamekatwa miguu. Sikumwambia. Yeye naye hakuniambia alichokuwa akiwaza.

Kilipofunga, muuguzi alisema arudi kutembea, lakini asirudi bila taiti ndefu na laini, isiyoshika jasho, yenye mishono iliyolala. Akanionya kabisa kwamba zile za kumetameta zinazotundikwa kando ya barabara zinafuga joto na kukwaruza. Nikaitikia kama mtu mwenye pesa.

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Kilifi. Napokea wageni kwenye nyumba ya kupangisha hapa Malindi, na mwenye nyumba ana nyingine huko, upande wa Mnarani. Nilipomaliza shughuli nikaingia duka la nguo za michezo, lile wanaloingia watu wenye baiskeli za bei ya gari. Nikaigusa taiti yenyewe. Kitambaa kizito kidogo, baridi, ukikivuta kinarudi mahali pake taratibu bila kuacha mkunjo. Ndani hakuna mshono unaousikia kwa kidole.

Nikatazama bei, nikairudisha kwa adabu.

Ilikuwa kodi ya nyumba yetu ya mwezi mzima, kwa kitu cha kuvaliwa chini ya dera.

Msichana wa dukani hakunicheka. Alinieleza kwamba rangi mpya zikifika, zile za zamani huteremshwa bei na kuwekwa kapu la nyuma, na wateja wanaojua huacha namba zao wakaitwa. Nikaacha yangu. Kisha nikamwomba nijaribu, maana mimi na mama tuna umbo moja. Chumbani nikachuchumaa, nikainama, nikanyanyua mguu, nikakariri saizi na namna lastiki ilivyokaa kiunoni bila kuuma. Nilitoka mikono mitupu, ila nikijua ninachokitafuta.

Mama hakutaka kungoja kapu la mtu. Aliniambia Jumapili anatembea, iwe na taiti au bila taiti. Na mama akisema, amesema.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza kunifanyisha mambo. Nikageukia simu. Kuna ukurasa mmoja ulikuwa unauza taiti za chapa ile ile, bei ya kutupa, karibu ya bure, na saa ndogo ikihesabu kurudi nyuma ili nione zinakwisha. Nilikuwa nimeshaandika hadi jina la mtaa wetu kabla sijajiuliza kwa nini hawapokei simu. Nilipiga tena, ikaita hadi ikakata. Nikaandika nikiuliza duka liko wapi. Nikajibiwa nitume pesa kwanza. Nikaufunga ukurasa, lakini nakiri niliurudia tena baadaye, nikatazama zile picha kwa tamaa. Ukiwa na hofu, hata uongo unaouona waziwazi unakuita.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda sokoni kwa Kadzo.

Kadzo ni mama wa rika langu, mtu wa huku bara ya Malindi, na anauza mitumba ya michezo tu. Alhamisi hufungua bunda jipya, na ukiwahi unapata kamera, yaani zile za chaguo la kwanza ambazo hazijapita mikononi mwa watu. Niliwahi. Nikamweleza nataka nini na ni kwa ajili ya nani, akanivutia kibao nikae nichambue.

Nilipata nyeusi. Ile ile chapa, ile ile saizi. Karibu nipige kelele. Nikaigeuza ndani nje kama nilivyojizoeza, nikainyoosha kwenye mwanga, haikuonyesha upande wa pili. Mishono mizima. Lakini ndani ya mapaja, pale pale panapohusika, kitambaa kilikuwa kimeota vipele vidogo, vile vya nguo iliyosuguliwa sana. Nikapitisha kidole mara kadhaa nikijidanganya kwamba si kitu. Kadzo alikuwa ananitazama.

"Dadangu, iache hiyo," akasema. "Ningeweza kukuuzia, lakini umeshaniambia habari ya kidonda."

Nikaiacha. Mikono yangu haikutaka.

Ya pili ilikuwa chini kabisa ya bunda. Haijavaliwa hata siku moja, kikaratasi chake cha dukani bado kinaning'inia. Laini nje, laini ndani. Nikaelewa kwa nini haikupata mnunuzi huko ilikotoka: ilikuwa rangi ya chungwa, chungwa linalopiga kelele. Tukapatana bei bila kuvutana sana, na ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya Kilifi. Nilitembea kurudi nyumbani nimeikumbatia kifuani.

Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba mama havai mtumba.

Ni mtu wa nguo za kukata kwa fundi, kabati lake linanukia udi. Tangu utotoni nimemsikia akisema hawezi kuswali na nguo ya mtu asiyemjua. Nilitunga maneno. Ningesema nimeinunua Kilifi kwa punguzo, kikaratasi si hicho hapo? Niliifua usiku huo, nikaianika, nikaifua tena Ijumaa, na kila nikiisuuza nilikuwa nikiyafanyia mazoezi maneno yangu.

Jana baada ya chakula cha mchana nikampelekea. Akaipapasa, akaivuta, akaigeuza kama nilivyoigeuza mimi.

"Umeitoa wapi?"

Maneno yote ya Kilifi yakanikauka. Nikamwambia ni ya sokoni, kwa Kadzo, ni ya mtumba lakini haijavaliwa, na nimeifua mara mbili, na kama hataki sitamlazimisha, ila namwomba asitoke bila kitu. Nilisema yote kwa pumzi moja. Mama akaiweka taiti mapajani.

"Na sidiria zangu, tangu nikuzae wewe, wadhani nazinunua wapi?"

Yeye akacheka hadi akatoa machozi. Akaniambia sidiria za mtumba ndizo zinazodumu, na kwamba kuna mambo mwanamke hamtangazii bintiye. Kisha akaiinua ile taiti dirishani, akatikisa kichwa. "Lakini rangi hii, Zuhura. Nitadhaniwa mtu wa bodaboda."

Leo alfajiri akatoka nayo, imefunikwa na dera, chungwa likichungulia kidogo tu kwenye kifundo cha mguu. Mimi nikabaki jikoni. Nilichemsha chai nikasahau majani. Nikatandika vitanda vilivyokwisha kutandikwa. Wenzake wa mtaani nikawaona wamerudi, yeye hayumo. Nikavaa ushungi nimfuate, nikavua, nikavaa tena. Nilipofungua mlango nikamkuta barazani anafungua kamba za raba, uso unang'aa jasho. Alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa sababu, kwa maneno yake, miguu ilikuwa haimsumbui.

Nikamwomba nimwone mapaja. Akakataa. Nikaomba tena, nadhani sauti ilinitoka vibaya, maana aliingia chumbani bila ubishi, akaketi kitandani, akaniruhusu.

Ngozi nzima. Kavu. Kovu liko vile vile. Kiunoni kulikuwa na alama nyekundu ya lastiki, nyembamba, nikaigusa, nikauliza inauma, nikauliza tena. Akanishika mkono akauondoa.

"Sasa wewe," akasema. "Babangu alikuwa na sukari, mimi ninayo. Wewe umepima lini?"

Nikamwambia chai inapoa.

Sijapima. Sijawahi. Nayajua majina ya dawa zake zote, naijua ngozi ya miguu yake kuliko yangu, na bado kila ninapokaa pale kliniki naketi kiti cha msindikizaji na kushika mkoba wake. Nimeandika haya yote kuhusu taiti, na sasa naona nilikuwa nazungukazunguka jambo hili hili.

Sasa hivi ameniita kutoka chumbani kwake. Anataka kujua kama kesho natembea naye, halafu tupitie kliniki wote wawili kabla ya kula chochote, na kama nina nguo ya kuvaa.

Sina. Na naogopa sana.

Nimemwambia aniamshe.